Mkono wa Apondi na Maboga ya Dandora

Watu wazima kumi na wanane, wenye vitambulisho vya taifa na akili timamu, waliketi Jumamosi moja kwenye viti vya plastiki nyuma ya koti yetu, hizi nyumba zinazotazamana kwenye uwanja mmoja huku Dandora, wakakubaliana kwa kunyoosha mikono kwamba maboga yao yanaanguka machanga kwa sababu mwanamke asiyezaa ameyagusa. Nayajua haya kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa katibu. Niliandika kwa kalamu yangu mwenyewe: "Imeamuliwa kwamba Apondi asiguse mimea ya kikundi." Sikunyoosha mkono, lakini mdomo pia sikuufungua, na anayeandika upumbavu bila kuupinga hana haki ya kujiona bora kuliko aliyeutamka. Nimejidharau vya kutosha kwa hilo. Leo nawadharau wengine.

Naitwa Kate. Nasuka nywele kwenye kibanda cha mabati karibu na lango la koti. Apondi ni jirani yangu. Kati ya mlango wake na wangu kuna tangi la maji tu. Ana miaka hamsini na miwili. Katika koti yetu kila mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake: Mama Wekulo, Mama Mugo, na mimi Mama Lorraine. Yeye peke yake huitwa Apondi, kavu hivyo, kama mnavyomwita msichana wa kutumwa dukani. Hata watoto wa chekechea walikuwa wakipiga kelele dirishani kwake, "Apondi, mpira wetu umeingia kwako!" na hakuna mzazi aliyewahi kuona kuna adabu iliyokosekana.

Aliletwa Nairobi na mumewe, Owino, aliyekuwa akifanya kazi ya reli. Walikaa miaka tisa bila mtoto. Mama mkwe akaja kutoka Ugunja, akakaa wiki mbili akimtazama Apondi jinsi mtu anavyotazama ng'ombe mbovu sokoni, kisha akaondoka na mwanawe. Owino akaoa mwingine huko nyumbani. Huu ni mwaka wa ishirini, na hadi leo huko Ugunja hakuna aliyemwita baba. Habari hiyo ilijulikana kotini kote. Wanawake walisimuliana wakiwa wameketi kwenye kiti changu, vichwa vimeinama, na sikumsikia hata mmoja akisema kwamba huenda tasa ni Owino. Kwa akili za koti yetu, mwanamume hawezi kuwa tasa. Anaweza tu kuwa hajabahatika.

Owino alipoondoka, Apondi alipata kibarua kwenye nyumba za plastiki za kampuni moja ya mbegu, mbele ya Ruiru. Alifanya kazi huko miaka kumi na mmoja, na kazi yenyewe ilikuwa kuozesha maua, yaani kuyachavusha kwa mkono. Asubuhi alivaa koti jeupe, akashika kibanio kidogo, akafungua ua la nyanya kabla halijafunguka lenyewe, akang'oa sehemu za kiume zote bila kuigusa ya kike. Kesho yake alirudi na unga wa ua lililochaguliwa, akaupaka mahali pake. Nyanya, pilipili hoho, matango, maboga. Zile mbegu ghali zinazouzwa kwenye pakiti za rangi, zenye picha ya mwanamume anayecheka ameshika nyanya, zilitoka kwenye vidole vya wanawake kama Apondi. Macho yalipoanza kumsumbua, wakamwambia apumzike, na hakuitwa tena. Akarudi Dandora, akawa anauza papai na tikiti lililokatwa pale stendi.

Sasa nikwambie kuhusu mwenyekiti wetu. Wanyoike ni karani mstaafu. Huvaa tai ndani ya sweta hata akienda kununua sukari. Aliwahi kuhudhuria mafunzo ya kilimo ya siku mbili kwenye hoteli fulani, akapewa cheti, na cheti hicho kimetundikwa sebuleni kwake kati ya picha ya harusi na kalenda ya kanisa. Cheti si kosa. Kosa ni kukisoma cheti kila siku na kutousoma mmea hata mara moja.

Shirika moja lilikipa kikundi chetu cha bustani mbegu na mpira wa kumwagilia, nasi tukalisafisha lile eneo lililo kati ya ukuta wa mwisho wa koti na mto. Palikuwa jalala. Tuliokota mifuko ya plastiki na nepi mwezi mzima, migongo ikatuuma, na kazi hiyo siidharau hata kidogo. Mvua za Machi zilipoanza tukapanda. Kufikia Mei mimea ilikuwa imetambaa ikafunika ardhi yote, na kila alfajiri maua ya manjano makubwa yalifunguka. Hata moshi wa jalala kuu la jiji ulipovuma upande wetu, ungetoka nje na kuona manjano hayo, moyo ukapoa.

Kila siku saa moja asubuhi Wanyoike alitoka na bomba la dawa mgongoni, buti miguuni, kitambaa puani, akayanyunyizia maua yote. Muuza dawa alimwambia shamba la mkulima hodari halina mdudu, naye alitaka kuwa hodari.

"Nitafutieni mdudu hata mmoja!" alituambia siku moja, mikono kiunoni.

Tulitafuta. Hatukumpata. Tulimpigia makofi.

Wiki hiyohiyo maboga yakaanza kuanguka. Yalikuwa madogo kama gololi, mengine kama yai la kwale. Yaligeuka manjano, yakalegea, yakadondoka. Apondi, aliyekuwa mwanachama kama sisi, alimfuata Wanyoike shambani asubuhi moja nikiwepo.

"Mwenyekiti," akasema, "hiyo dawa ungepiga jioni, maua yakishafunga. Saa hizi unaua nyuki."

"Nyuki ni mdudu ama si mdudu?"

"Ni mdudu."

"Basi. Apondi, haya mambo mimi nimesomea."

Apondi hakubishana. Saa tatu asubuhi alikuja kibandani kwangu na maua mawili ya boga kwenye sahani, na kile kisu chake cha matunda. Nilikuwa sina mteja.

"Kate, weka hicho kitana chini. Tazama."

Alinipa ua la kwanza. Kikonyo chake kilikuwa chembamba na kirefu, kikaenda moja kwa moja hadi kwenye ua. Ndani palisimama kijiti kimoja kilichojaa unga wa manjano. "Hili ni la kiume," akasema. "Kazi yake ni huo unga. Halina kingine." Akanipa la pili. "Hili la kike. Usiangalie ndani, watu wote hukosea hapo. Angalia chini, nyuma ya ua, kabla ya kikonyo."

Nyuma ya ua palikuwa na kitu cha mviringo, kijani, laini, kama boga la mwanasesere. Nilikuwa nimeyaona mara mia na kudhani ni boga lililokwisha kuzaliwa.

"Bado si boga," Apondi akasema. "Hii ni ovari. Ni kifuko kinachongoja."

Akakikata katikati kwa mapana, kisu kikapita kama kinapita kwenye siagi. Akanisogezea hadi kwenye mwanga wa mlango. Sijawahi kusahau nilichokiona. Nyama yake nyeupe ilikuwa imegawanyika sehemu tatu, na katika kila sehemu, kuelekea ukutani, zilipangika punje ndogo nyeupe, safu kwa safu, ndogo kuliko chembe za sukari.

"Hivyo ni vijiyai," akasema. "Kila kimoja kimeshikwa na kiuzi chake, ndicho kinachokilisha, kama kitovu cha mtoto. Ndivyo vitakuwa mbegu. Huu ukuta unaovizunguka ndio utakuwa ile nyama tunayopika. Sasa ona huku juu." Akarudisha petali nyuma. Katikati ya ua la kike kulikuwa na shingo fupi nene, na juu yake midomo mitatu yenye unyevunyevu. "Midomo mitatu, na ndani sehemu tatu. Unga ukitua hapa, kila chembe inaota mrija mwembamba kuliko unywele, unateremka hii shingo, unaingia ovari, unatafuta kijiyai kimoja. Kimoja tu, si viwili. Vijiyai ni mamia, kwa hiyo chembe pia ziwe mamia. Nani atazileta?"

"Nyuki," nikasema.

"Na nyuki wako wapi?"

Nikakumbuka lile bomba la Wanyoike.

"Zisipofika," Apondi akasema, "mmea unajua. Hauwezi kulisha kifuko kitupu miezi miwili. Unakiangusha."

Kwenye kikapu changu kulikuwa na nyanya za mchana. Alichukua moja akanionyesha ile nyota ya majani kwenye kikonyo. Ovari ya nyanya, alisema, hukaa juu, ndani ya ua, ndiyo maana majani yanabaki nyuma yake. Ya boga hukaa chini ya ua, kwa hivyo kovu la ua utalikuta upande wa pili, kwenye kitako. Nikaikata nyanya mwenyewe, nikaona vyumba vyake na mbegu zikiwa zimeshikana na nguzo ya katikati. Nina miaka thelathini na minane. Nimekata nyanya kila siku ya maisha yangu.

Jumamosi iliyofuata nikaomba Apondi apewe nafasi kwenye mkutano. Alisimama na kisu na maua yake mawili, akayapasua, akaeleza kama alivyonieleza mimi. Hakufika nusu.

"Ngoja," Wanyoike akamkata. "Kwa hivyo haya yenye kifuko ndiyo ya kike, na ndiyo yanazaa?"

"Ndiyo."

"Na haya ya kiume hayana kifuko?"

"Hayana, lakini—"

"Hayatatoa boga hata tukingoja mwaka?"

"Hayatatoa. Mwenyekiti, sijamaliza."

"Umetusaidia sana, Apondi. Keti." Akageukia kikundi. "Mmesikia wenyewe. Haya maua ya kiume yanakula mbolea yetu bure. Jumatatu yote yatolewe."

Wakapiga makofi! Apondi alibaki amesimama na sahani yake, mdomo wazi, kisha akaketi kwa kuwa wa mbele yake walikwishaanza kuondoka. Jumatatu watu wakaingia shambani wakachuma kila ua la kiume lililokuwepo, wakayatupa mtoni magunia mawili, wakiimba. Wakaendelea hivyo kila asubuhi. Unga wote wa shamba ulikwenda na maji, na hao ni watu waliowahi kufuga kuku na wakajua vizuri kazi ya jogoo.

Hapo awali lilibaki angalau boga moja kati ya ishirini. Sasa halikubaki lolote. Ndipo ikaja ile Jumamosi niliyoanza nayo.

Aliyesimama alikuwa Mama Wekulo, mwimbaji wa kwaya, mwanamke wa sauti nzuri. "Mimi sisemi ni uchawi," akaanza. "Mimi ni mtu wa kanisa. Nauliza tu. Tangu yule asimame hapa na kisu akapasua hayo maua, kumebaki hata boga moja? Mkono usiojua kuzaa unatafuta nini kwenye tumbo la mmea?"

Nilimtazama Wanyoike. Angeweza kusema neno moja tu la mtu mwenye akili, na jambo likaisha. Lakini alikuwa amepoteza wiki sita za maua, na sasa ameletewa mtu wa kubebeshwa. Uso wake ulilainika kwa raha.

"Ni hoja," akasema. "Tusiipuuze hoja ya mama."

Mikono ikanyooka. Apondi alisimama, akakung'uta sketi yake, akasema, "Haya," akaenda zake.

Jioni nilimkuta nje ya mlango wake anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Nikashika ndoo nikaimwagia maji.

"Mama yake Owino aliniambia maneno kama hayo," akasema bila kuniangalia. "Nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Niliamini."

"Na sasa?"

"Sasa nimefungua maua mengi mno, Kate. Siwezi kuamini tena hata nikitaka. Lakini inauma vilevile."

Alikuwa na magunia matatu ya udongo ukutani kwake. Majuma sita baada ya shamba kupandwa alikuwa ametia humo mbegu zilizobaki, za pakiti ileile, na sasa mimea ilikuwa imepanda nondo za dirisha ikafika juu ya mabati ya choo. Ilikuwa ndiyo kwanza inatoa maua. Kila alfajiri nilimwona. Alichuma ua la kiume, akalivua petali zake kama mtu anavyomenya ndizi, akakishika kile kijiti na kukigusisha kwenye midomo ya ua la kike, mmoja, wa pili, wa tatu, bila haraka. Kisha akalifunga ua hilo kwa uzi aliouomba kibandani kwangu. Halafu akavaa aproni akaenda stendi kukata papai.

Kufikia katikati ya Julai alikuwa na maboga saba. Moja lilining'inia mbele ya dirisha lake hadi akalifungia soksi kuukuu ya nailoni lisivunje mmea. Kila aliyekwenda chooni alilipita.

Ungefikiri watu wangeliangalia na kufunguka macho. Hapana. Walisema amehamisha baraka ya shamba akaileta kwake. Wanyoike alikuwa na elimu zaidi, kwa hivyo yeye alisema lazima ana dawa ya siri aliyoiba kwenye kampuni. Kwamba mwanamke anaamka alfajiri na kufanya kazi anayoijua, hilo halikumwingia mtu akilini.

Kisha ikaja barua ya shirika. Wageni wangekuja mwanzoni mwa Septemba kuona maboga. Sisi tulikuwa na majani ya kutosha kulisha mitaa mitatu, na maua, kwa kuwa mmea uliokosa kuzaa hauchoki kujaribu. Boga hatukuwa nalo hata la kupigia picha. Wanyoike akaja kunichukua, Mama Wekulo akiwa nyuma yake, tukaenda mlangoni kwa Apondi.

"Hodi."

"Karibuni. Viti ni viwili."

Hakuna aliyeketi. Wanyoike akavua kofia. "Mama," akasema kwa sauti ya mazishi, "tumekuja."

"Mama wa nani?"

Wanyoike akanitazama mimi, kana kwamba jibu liko kwenye daftari.

"Umeniita Apondi tangu siku ya kwanza," Apondi akasema. "Endelea hivyohivyo. Mnataka nini?"

"Msaada wako. Kama kikundi."

"Kikundi kilipiga kura nisiguse mimea. Basi kikundi kikae tena, mahali palepale, watu walewale. Nitawaonyesha kitu. Na nikiongea, hakuna wa kunikatiza."

Jumamosi wakaja wote. Apondi hakubeba sahani mara hii. Aliingia shambani akarudi na ua moja, akampa Wanyoike pamoja na kisu.

"Tuonyeshe boga linatokea wapi."

Wanyoike alilipasua ua kwa uangalifu wa mtu anayefungua barua ya serikali. Akatafuta kati ya petali. Akatafuta kwenye kijiti. Vidole vyake vikawa manjano, na tai yake pia.

"Hili halina," akasema hatimaye.

"Halina, ni la kiume. Ndilo ulilolitupa mtoni, na hiyo rangi iliyo kwenye tai yako ndiyo tuliyokosa shamba zima." Akageuka. "Mama Wekulo, njoo wewe."

Akaokota chini kiboga kilichoanguka, akakikata, akampa nusu. Akamwambia ahesabu sehemu. Mama Wekulo akahesabu, moja, mbili, tatu, kwa sauti ndogo ambayo kwaya haijawahi kuisikia. Akamwonyesha vijiyai. Vilikuwa vimesinyaa, bapa, kama maganda ya ufuta.

"Umeuliza mkono wangu unatafuta nini," Apondi akasema. "Hiki. Hivi viliwekwa tayari, vyote, havina kasoro. Vilingoja unga na unga haukuja, kwa sababu anayeuleta mlimuua, na ulipotoka mkapachuma. Nimefanya kazi hii miaka kumi na mmoja. Hakuna ua hata moja lililoniuliza nina watoto wangapi."

Kisha akanielekea mimi.

"Kate, andika. Maboga yalianguka kwa sababu mwenyekiti aliua nyuki na kuamuru maua ya kiume yachumwe."

Niliandika. Niliandika kwa herufi kubwa.

"Hapo kwa 'aliua'," Wanyoike akasema taratibu, "hatungeweza kuandika 'alichangia'?"

"Hatungeweza," nikasema. Lilikuwa neno langu la kwanza kwenye mikutano ya kikundi hicho ambalo silionei haya.

Dawa ikakoma siku hiyo. Kwa wiki tatu tuliamka saa kumi na mbili, wanawake kumi na wanaume wachache, kila mmoja na ua lake la kiume mkononi. Apondi alipita kati yetu akirekebisha vidole. Wanyoike naye alikuja, sitamnyima hilo, akishika ua kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe ambebe. Maboga yakashika. Yakawa kama ngumi, yakawa kama kichwa. La Wanyoike lilinenepa upande mmoja, upande wa pili likabonyea kama limepigwa teke. Apondi alilikata mbele yetu: upande mmoja ulijaa mbegu nono, kwingine yalikuwa maganda matupu. "Ulipaka mdomo mmoja ukachoka," akamwambia. Na baadaye, nyuki wawili watatu wakaanza kurudi, sijui kutoka wapi.

Wageni walikuja. Wanyoike alivaa tai mpya, akasimama mbele ya rundo la maboga, akasema kwamba kupitia utafiti wa kina uongozi wa kikundi umegundua mbinu ya kisasa. Alisema "utafiti" mara nne. Mama Wekulo akaimba. Apondi hakuwepo, alikuwa stendi na papai zake. Kiongozi wa wageni, binti mmoja mpole wa miwani, akaniomba kumbukumbu za mikutano aone utafiti huo uliendaje. Nikampa daftari limefunguka kwenye ukurasa wa herufi kubwa. Alisoma. Akamtazama Wanyoike, akatazama tai, akanirudishia daftari. Kisha akauliza stendi ni upande gani.

Kama unangoja kusikia Wanyoike alifukuzwa, hulijui jiji hili. Bado ni mwenyekiti. Apondi ndiye hakurudi kwenye kikundi. Shirika lilimwomba awafundishe wanawake wa Korogocho na Kayole, akakubali, kwa sharti kwamba hatavalishwa fulana yenye maandishi. Magunia yake yamefika kumi na mawili. Asubuhi wanawake humjia na maua kwenye mifuko, ya papai, ya tikiti, ya maharagwe, naye huyakata yote na kuwaonyesha ovari zake: ya haragwe ni chumba kimoja kirefu, mbegu zimejipanga kwenye mshono, ya papai ni ukumbi mtupu, mbegu zimeng'ang'ania kuta. Wengine humwita mwalimu. Huko kotini bado ni Apondi.

Mwezi uliopita nilikuwa namsuka Eve, binti wa Mama Wekulo, aliyeolewa mtaa wa Huruma miaka miwili iliyopita. Machozi yalikuwa yakimdondokea mapajani. Wakwe wameanza maneno. Mume amenyamaza, na mama mkwe tayari amemtaja msichana mwingine. Nakiri nilifurahi kidogo moyoni, si kwa ajili ya Eve, bali nilitamani Mama Wekulo awepo asikie. Apondi alikuwa ameketi mlangoni anamenya nanasi. Nilimngoja aseme kitu chenye makali. Alistahili.

Akaweka kisu chini. "Umeenda kupimwa?"

"Mara tatu, Auntie. Wanasema sina shida."

"Na yeye?"

Eve akafuta pua. "Anasema kwao hakuna ugonjwa kama huo."

"Mlete hapa Jumapili," Apondi akasema. "Mwambie nataka anibebee magunia ya udongo."

Kijana alikuja. Alibeba magunia manne, jasho likimtoka, kisha Apondi akamketisha kwenye kile kiti cha pili, wakaongea kwa muda mrefu mlango ukiwa umerudishwa. Sikusikia lolote, ingawa nilijitahidi. Alhamisi iliyofuata Eve alinipigia simu kunihamishia siku ya kusuka, kwa kuwa asubuhi hiyo walikuwa foleni hospitalini, yeye na mumewe.